Kioo cha Risasi Kimefika Mapinga, Mionzi Bado

Mapinga, Bagamoyo

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na wenzako wa ukurasa wa sayansi hamjambo. Sisi hatujambo kiasi, na lawama ni zenu.

Mliandika kwamba mionzi ya gamma hupenya ukuta bila kubisha hodi, ila kioo kilichochanganywa na madini ya risasi huizuia, na mtu akaendelea kuona nje. Mimi nina mke, binti na mama mkwe ndani. Nikakitafuta kioo hicho mpaka nikakipata kwa muuza vyuma chakavu, kimetoka chumba cha eksirei cha zahanati iliyofungwa. Kilibebwa na wanaume wanne. Nimekiweka dirisha la sebuleni, na tangu hapo yametufika haya:

1. Fundi Kulwa alipoulizwa mtaani ana kazi gani kwangu, alijibu, "Namwekea Alawi kioo cha risasi." Hakueleza kuwa risasi ni madini. Jioni ile majirani walihamisha kahawa yao mbali na baraza yangu.

2. Wazee wa Dunda waliokuja kumposa binti yangu Naila walikaa wameegemea ukuta, mbali na dirisha. Mshenga akaniuliza kwa upole, "Shehe, kwani nani anakutafuta?" Nikamjibu, gamma. Akauliza huyo ni mtu wa wapi. Nikamweleza kwamba haonekani, hana harufu, na akikupitia hujui. Waliondoka halua haijaguswa. Naila sasa hunitengea chakula bila kunitazama.

3. Kioo kina umanjano. Juzi, nikiwa sebuleni, nilimwona mama mkwe wangu, Bi Tabia, yuko uani, macho manjano. Nikampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Njiani nikakumbuka kioo, nikaona haya, nikamrudisha. Amenuna, anasema nimemzungusha kama gunia la mkaa.

4. Kubwa kuliko yote, mionzi yenyewe haijaja. Nimeulizia mpaka Mlingotini, hakuna aliyepitiwa nayo.

Ndugu Mhariri, mtu hajengi zizi akanyimwa ng'ombe. Nakuomba uwashawishi wahusika watuletee Mapinga mionzi kidogo, ya kiasi, ielekezwe dirishani kwangu mbele ya wazee wa Dunda, waone wenyewe inavyokwama. Majirani wenye vioo vya kawaida nitawakaribisha ndani, waje na kahawa yao.

Wasalimie wote ofisini, hata aliyeandika makala ile. Mwambie simchukii, namngoja tu.

Wako niliyejikinga,
Alawi Haji

Tanbihi: Msilete mionzi kwanza. Nimemsomea mke wangu Ummy barua hii, naye ameniambia kwamba siku ile ya mama dirisha lilikuwa wazi; kwa joto hili, tangu fundi aondoke hatujalifunga hata mara moja. Nimetoka kumtazama mama juani, uso kwa uso. Bajaji imeshafika. Barua nitaituma tukitoka hospitali, inshallah.