Nimekuja na Baiskeli

Jumapili, 3 Machi

Barua ya tatu! Bosi alinipa Ijumaa, nikaificha ndani ya soksi, mke wangu akataka kuifua. Basi hakuna siri tena. Imeandikwa kwamba wiki hii nikichelewa hata dakika moja, nirudishe mkasi. Miaka kumi na mmoja nakata sare za shule pale kiwandani, leo niambiwe nirudishe mkasi! Maji yamenifika shingoni.

Mke wangu hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema tu kwamba binti yetu anamaliza shule mwaka huu, na kwamba yeye hatakuwa wa kumweleza kwa nini baba anashinda nyumbani. Nikaropoka kwamba kuanzia kesho nakwenda kazini na baiskeli. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Shemeji, kaka yake, alikuwa mezani anamalizia chakula chetu kama kawaida yake. Akasema anayo moja haitumii, nichukue. Jioni ikaletwa. Nyeusi, ina karia nyuma, kengele inalia vizuri kabisa.

Tatizo dogo. Sijui kuendesha baiskeli. Na mke wangu anaamini nilikuwa bingwa wa mbio za baiskeli ujanani. Nilimwambia mwenyewe, wakati wa uchumba.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Mimi! Mke wangu akatoka hadi mlangoni kunitazama nikipanda. Nikamwambia bingwa hapandi mlangoni, hupasha moto tairi kwanza. Nikaikokota hadi kona.

Baada ya kona nikajaribu. Hamadi! Mtaroni. Nikajaribu tena, nikaukumbatia mlingoti wa taa. Kinyozi aliyekuwa anafagia mbele ya kibanda chake akaniuliza kama baiskeli ni ya wizi. Nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili, nikaikokota njia nzima. Saa nzima na robo! Goti linawaka, jasho hadi kwenye nyusi.

Lakini nimefika saa moja na robo, kazi inaanza saa mbili. Mlinzi wa getini aliitikisa saa yake akidhani imeharibika. Jina langu la kwanza kwenye daftari la mahudhurio! Wote wakauliza imekuwaje. Nikajibu: nimekuja na baiskeli. Na si uongo. Nimekuja, nayo imekuja. Sikusema nimekuja KWA baiskeli. Aliyesikia "kwa," hayo ni masikio yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika wa kwanza tena. Leo nimeongeza ufundi: karibu na geti nimejipaka mafuta ya mnyororo kwenye mguu wa suruali, kama waendeshaji wa kweli. Mama Vifungo, anayeshona vifungo tangu kiwanda kianze, amenipa pole na kipande cha sabuni.

Pasi hajafurahi. Huyu ndiye mpiga pasi wetu, na suruali yake mwenyewe ina mikunjo inayoweza kukata mkate. Tangu mwaka juzi anaitolea macho meza yangu ya dirishani. Alishaahidiwa nikifukuzwa ni yake. Ameitazama baiskeli, akanitazama mimi, akauliza mbona nahema kuliko watu wanaotembea. Wivu huo!

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nakokota zangu, nainua macho, Pasi huyu hapa! Amehamia kwa dada yake, njia moja na mimi. Akauliza kulikoni. Nikasema pancha. Akanipa pole kwa sauti ambayo sikuipenda.

Tukatembea pamoja hadi kazini. Sote wawili tulifika mapema, lakini yeye hakushukuru.

Alhamisi, 7 Machi

Pasi kanikuta tena. Nikasema pancha. Akasema kumbe jana sikuziba? Nikasema hii ni ya gurudumu la mbele. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ina kilima pia.

Mchana kaja na fundi baiskeli hadi getini, eti kunisaidia. Fundi akabonyeza tairi zote mbili, akatangaza mbele za watu kwamba hazijawahi kuona pancha, tena bado zina vile vinyweleo vya mpira vya dukani. Hazijabeba mtu hizi, akasema. Mama Vifungo akadai sabuni yake. Kesho asubuhi ofisini kwa Bosi.

Jioni nikasogeza sahani kando. Mke wangu akauliza kama ni uchovu wa baiskeli. Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepona! Nimepona, nimepona, nimepona!

Niliingia ofisini. Bosi, ambaye alifundisha sarufi kabla ya kuja kwenye sare, akasema nirudie neno kwa neno nilichowaambia wenzangu. Nikarudia: nimekuja na baiskeli. Akarudia yeye: na. Nikasema naam, na. Si kwa? Si kwa, Bosi. Akavua miwani. Nikajua nimekwisha. Kumbe anafuta machozi ya kicheko! Akafungua daftari: siku tano, jina la kwanza mara tano. Barua inahusu kuchelewa, akasema, haihusu kupanda. Akaichana mbele yangu. Nilitaka kulia, nikalia.

Akauliza shahidi yuko wapi. Pasi hajafika! Alikuwa amejificha nyuma ya kibanda cha kinyozi na simu, akinisubiri anipige picha nikikokota. Mimi kwa hofu nilikuwa nimepita nusu saa kabla. Ameingia saa mbili na dakika tisa. Kapewa barua ya kwanza. Mama Vifungo kanirudishia sabuni.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Akasema anajua tangu Jumatatu, kinyozi ni binamu yake. Amecheka hadi akakaa chini, cheko la kwanza tangu ile soksi. Roho yangu imetulia kabisa. Kisha akasema kwa upole: ukitoka saa hiyohiyo, baiskeli ukaiacha nyumbani, utafika mapema zaidi. Ha! Wanawake bwana. Mtu afike kazini bila usafiri?

Shemeji kaja kula. Amesikia mambo yangu yamenyooka, akasema ana pikipiki imelala tu uani kwake. Nimekwenda kuijaribu. Nzito! Kuisukuma hadi ukutani tu mgongo umelia. Lakini nimeshapiga hesabu, nikitoka saa kumi na moja kamili nitawahi. Kesho Pasi atajua hajui. Nitamwambia bila kupepesa macho: nimekuja na pikipiki.