Msalaba Kando ya Jina la Baba

Jumapili, 6 Julai 2025

Izigo, nyumbani kwa wazee. Tumekuja wote: mimi, mke wangu Gaudiosa na binti yetu Kokuberwa. Misa, chakula, kisha tangazo. Baba kasema kahawa ikishavunwa ataita wazee wa ukoo na kumtaja musika wake. Yaani mtu atakayeshika nyumba, kibanja na makaburi ya mababu yaliyomo humo kwenye migomba.

Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Sasa tangazo la nini? Atajwe nani mwingine?

Jibu naliona. Mutembei, mtoto wa marehemu baba mdogo. Ana duka la vifaa vya ujenzi Muleba, na kila Jumapili hakosi kuja na kitu. Leo kaleta bati la kuzibia paa la jiko. Kalipandisha mwenyewe, na nyundo mkononi, Baba akiwa chini anamtazama kama anatazama Komunyo. Mimi nilikuwa nimemletea Baba kalenda yenye picha za tovuti nilizotengeneza. Mama kaitumia kufunikia maziwa.

Ili nisipitwe, nikajitolea kukata mkungu wa chakula cha jioni. Nikakata mzuri, mnene. Kumbe ni ndizi za pombe. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Kokuberwa, mtoto wa mjini wa darasa la tatu, alikuwa ameshaniambia kwamba siyo ule. Dada yangu Annastella kaenda kukata mwingine. Huyo anafundisha Kagoma na yupo hapa kila mwisho wa wiki, anang'oa magugu tu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Bukoba kimya, wateja hakuna. Hata siku zisizo za sikukuu hakuna. Mwenye hoteli aliyetaka tovuti yenye maporomoko ya maji yanayosogea bado hajanijibu. Hoteli yenyewe haina maji.

Nimefikiri kutwa nzima. Mutembei ana mabati. Mimi nina nini? Nina akili. Nitamtengenezea Baba tovuti ya ukoo. Mababu wote, vizazi vyote, na picha zao. Siku ya wazee kukutana naifungua mbele yao kwenye ukuta mweupe wa sebule. Mutembei ataleta nini siku hiyo? Misumari?

Gaudiosa kauliza kama haingekuwa rahisi kwenda Jumamosi kumsaidia mzee kuanua kahawa. Nikamjibu kwamba kahawa mtu yeyote anaanua. Kasema ndiyo maana kanitaja mimi.

Jumanne, 8 Julai

Kazi inakwenda vizuri mno. Nimeweka picha ya Baba ya Pasaka, kanzu nyeupe na koti jeusi. Kazaliwa 1948, kwa kadi yake ya ubatizo. Mzee kapendeza. Chini yake nimejiweka mimi, picha kubwa. Annastella nimemtafutia nafasi pembeni.

Kokuberwa ametaka tuweke jogoo ambaye ukimgusa anawika. Tumemweka. Angalau yupo mtu mmoja nyumba hii anayeheshimu kazi yangu. Kazi zangu nyingine za ubunifu zilikufa bila kuheshimiwa. Ile kamera niliyoifunga kwenye mgomba wa Baba ili dunia nzima ione mkungu unavyokua, mbuzi alitafuna waya, na lawama nikapewa mimi.

Jumatano, 9 Julai

Tatizo la mababu ni kwamba hakuna anayejua walikufa lini. Nimempigia Mama. Kasema babu yangu alikufa mwaka wa njaa. Njaa ipi? Hajui. Na baba wa babu je? Kabla ya njaa hiyo. Kompyuta haielewi njaa.

Basi nikatumia kichwa. Kanuni moja tu: yeyote aliyezaliwa kabla ya 1950 anapewa msalaba mdogo mweusi kando ya jina, na maneno Apumzike kwa Amani. Nikabonyeza mara moja, ukoo mzima wa zamani ukapumzika. Mtu mwingine angekaa mwezi mzima anaweka misalaba mmoja mmoja.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeirusha tovuti hewani na kuituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Nimekaa nikisubiri pongezi. Wa kwanza kujibu ni Mutembei, kasema inachelewa kufunguka. Simu yake ndiyo inayochelewa. Nimezima data kwa hasira.

Ijumaa, 11 Julai

Baba amefariki.

Nimewasha data asubuhi, nikakuta Mutembei kaweka kwenye kundi picha ya Baba, ile yangu ya Pasaka, kaiba bila kuniomba, na msalaba kando ya jina. Chini kaandika poleni sana wanaukoo, taarifa nimeipata sasa hivi. Watu tayari wanalia. Shangazi wa Mwanza yuko njiani. Nikampigia Mama, simu imezimwa. Kwao umeme hakuna tangu Jumanne. Annastella hapokei.

Nimelia. Nimelia kweli, kwenye kiti cha ofisini, mlango wazi, hadi fundi cherehani wa jirani akaja na maji ya kunywa. Sikujua kama naweza kumlilia Baba namna ile.

Kisha nikakumbuka kwamba Baba hakuwahi kumtaja musika. Na Mutembei yuko Muleba, kwa pikipiki ni karibu sana. Nikafuta machozi nikaandika kwenye kundi. Niliandika kwa utulivu kabisa. Kwamba Baba alinikusudia mimi na kila mtu anajua. Kwamba mtu asikate hata mkungu mmoja mpaka nifike. Kwamba ufunguo wa sanduku la Baba akae nao Mama, asipewe mtu, hasa wenye maduka.

Gaudiosa kausoma ujumbe. Kaniuliza mbona sijauliza mzee aliugua nini. Nikamwambia nitauliza nikifika, bando lilikuwa linaisha.

Nikaazima kanzu na koti kwa Mzee Bashiri wa jirani, pamoja na fimbo yake yenye kichwa cha pembe. Musika hafiki na fulana. Kanzu ilikuwa na mikunjo, nikaipeleka kwa mpiga pasi. Palikuwa na foleni. Gaudiosa kaniangalia, kamchukua mtoto, wakatangulia.

Kabla ya kuondoka kaniuliza kitu cha ajabu, eti maandishi ya lile tangazo la Mutembei mbona yanafanana na ya kwenye tovuti yangu. Nikamwambia ndiyo, mwizi haibi picha peke yake.

Jumamosi, 12 Julai

Jana usiku nilishindwa kuandika yaliyofuata. Naandika leo, niko Bukoba, nimefunga mlango.

Nilifika Izigo jana mchana. Barabarani hapakuwa na mtu mwenye jembe. Kijiji kizima kimeacha kulima, kama inavyopaswa mwenzao akifa. Moyo ukajaa. Nikasema Baba aliheshimika. Nikashuka kwenye bodaboda, nikanyoosha kanzu, nikashika fimbo, nikaingia kwa kupita katikati ya migomba, polepole, kama mwenye mali.

Kabla sijafika uani nikasikia sauti ya Annastella anasoma. Alikuwa anasoma maneno yangu. Kuhusu mkungu. Kuhusu ufunguo. Alikuwa anayageuza kwa Kihaya ili wazee waelewe, na kwa Kihaya yalikuwa mabaya zaidi.

Nikatokeza. Ua umejaa watu, nyasi zimetandazwa, masufuria matatu jikoni, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kinazunguka. Na katikati, kwenye kiti chake, na gamubuti zenye udongo miguuni, Baba.

Sikumbuki nilisema nini. Gaudiosa anasema nilisema shikamoo.

Mama ndiye aliyenieleza. Asubuhi Baba alikuwa kibanjani anapunguza machipukizi. Akina mama wakaja na mikungu kichwani na kuni, wanalia, wakamkuta. Jirani mmoja akaanza kumgombeza kwamba analimaje wakati kuna msiba. Baba akauliza nani kafa. Wakamwonyesha simu. Kaitazama sana ile picha. Kasema koti lile limempendeza, lakini yeye mwenyewe bado hajapewa taarifa.

Chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi, kwa hiyo wakapika. Kati yetu wa familia, Annastella ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa ameacha darasa lake, kavua viatu njiani kapita shambani kwa mguu, kaingia anapiga kelele tata, tata, yaani baba, akamgonga Baba kifuani kabla hajamwona. Walikaa hivyo muda mrefu, Mama anasema. Kisha kachukua kisu akaenda kumenya ndizi za matanga ya mtu aliye hai.

Baba akataka asomewe kila alichoandikiwa na watu. Akasomewa. Akafurahi sana, kasema ni watu wachache wanaobahatika. Annastella akauruka ujumbe wangu. Baba akauliza, na Avit kasemaje? Akajibu mtandao mbaya. Baba akamwambia asome.

Hapo ndipo nilipotokeza na fimbo.

Mutembei, kwa upole ambao sitamsamehe, akaeleza mbele ya wote kwamba picha ile hakuitengeneza yeye. Aliikuta kwenye tovuti yangu, msalaba ukiwa umeshawekwa. Nilijaribu kueleza kanuni ya 1950. Ta Kashaija, mzee kuliko wote pale, akauliza kama na yeye amekufa. Nikasema ndiyo, waitu, mzee wangu, lakini kwenye kompyuta tu.

Baba hakupaza sauti. Kasema wazee wameshafika, rubisi ipo, mashahidi wapo, hakuna haja ya kungoja kahawa. Kasema musika wake ni Annastella. Ta Kashaija akakohoa, kauliza kama mzee hana mtoto wa kiume. Baba kasema anaye, yule pale, kavaa kwa ajili ya maziko.

Annastella akalia kuliko alipodhani Baba kafa. Mimi nikacheka, nikidhani ni utani. Sikuona mwingine anayecheka. Hata Mutembei hakucheka, na yeye alikosa vilevile.

Jioni Baba kanisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika kasema jambo moja tu, kwamba hata kama ni uongo, alipenda kujua kama yupo mtu ambaye angeuliza iwapo aliumia. Kisha kageuka kwenda kwenye migomba yake.

Limeniuma. Linaniuma hadi sasa. Ila naye akumbuke kwamba bando lilikuwa linaisha.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeondoa msalaba wa Baba. Nimeondoa na wa Ta Kashaija. Mpiga simu wa kwanza leo ni shangazi wa Mwanza, anataka nimweleze kwa nini na yeye anapumzika kwa amani. Nimebadilisha kanuni: sasa ni kabla ya 1930.

Mzee Bashiri kataka kanzu yake. Kauliza msiba ulikwendaje. Nikamwambia umeahirishwa.

Kokuberwa kaniomba nimtoe jogoo kwenye tovuti kwa sababu wenzake shuleni wanawika wakimwona. Gaudiosa haongei sana. Anapiga simu Izigo kila jioni kuuliza kahawa imefikia wapi. Anaongea na musika.

Ijumaa, 18 Julai

Nimegundua kosa liko wapi. Baba alipata bahati. Akafa bila kufa, akaona nani anamlia na nani hamlii, kisha akaamua akiwa na uchungu. Ni hukumu ya mtu mwenye uchungu. Kama na yeye angenililia mimi siku moja tu, angejua mtoto wake ana thamani gani. Angeitengua hukumu hiyo.

Wazo linakuja lenyewe. Silitafuti.

Jumapili, 20 Julai

Gaudiosa na mtoto wameenda Izigo kuanua kahawa. Nimesema ninaumwa kichwa. Saa nne asubuhi nimejiwekea msalaba. Avit Kahangwa, mtengeneza tovuti, Apumzike kwa Amani. Picha ile kubwa. Nikatuma kwenye kundi, nikavaa shati safi, nikakaa sebuleni nisubiri mikungu.

Mchana, hakuna mtu. Nikafikiri wako kanisani.

Alasiri nikatoka kuangalia barabarani. Fundi cherehani akanisalimia kama kawaida na kuniomba chumvi. Watu waliokwishauona ujumbe ni wengi, alama za buluu zinaonekana. Mutembei kauona. Shangazi kauona wa kwanza kabisa. Baba hana simu ya aina hiyo, lakini Annastella anayo, na Annastella kauona.

Jioni simu ikalia. Nikaiacha ilie kidogo, kama marehemu. Ni Annastella. Hakulia. Kasema kamwonyesha Baba, na Baba kauliza niliumwa nini. Akamjibu kwamba siumwi. Basi Baba kasema niondoe huo msalaba Mama asije akauona, na nije Jumamosi, kuna kazi ya kuanua ambayo hata mimi siwezi kuiharibu. Kasema wameniwekea chakula.

Nimekaa gizani kidogo nikitafakari. Kapiga mtu mmoja tu kati ya ukoo mzima. Lazima kuna sababu. Nimeifungua tovuti kwenye simu, nikaiona.

Msalaba ni mdogo mno. Kwenye kioo cha simu hauonekani vizuri. Kesho naukuza.