Kiti cha Mbele, Usukani Hakuna

Jumatatu, 4 Machi

Nimeiona! Treni isiyo na dereva. Binti yangu, niliyekuja kumtembelea huku ng'ambo, kanipandisha leo tulipotoka sokoni, hivi hivi tu, kama mtu anayekuonyesha bafu liko wapi. Inapita juu ya nguzo, sawa na madirisha ya ghorofa ya tatu. Mbele hakuna dereva, hakuna chumba chake, hakuna usukani. Kuna kioo kikubwa na kiti kimoja. Kimoja! Abiria yeyote anayekiwahi anakaa pale, na mji mzima unamjia usoni.

Sisi tulisimama katikati. Binti yangu alikuwa anaongea, sikumsikia. Nyumba zilikuwa zinajifungua pande zote mbili, taratibu, nami naelea. Mama mmoja alikuwa akimwagilia maua dirishani kwake. Ningenyoosha mkono tungesalimiana.

Jioni mume wangu akapiga simu kutoka nyumbani. Tangu tuoane nakaa pembeni yake kwenye pikapu yetu nikimwambia polepole, kuna tuta, kanyaga breki. Usukani sijaugusa. Mzee wangu husema usukani si mwiko wa ugali. Basi akaniuliza leo nimefanya nini. Ulimi ukateleza. Nikamwambia nimeendesha treni.

Akaniomba nirudie, nikarudia. Mungu anisamehe, nilisikia raha!

Jumanne, 5 Machi

Simu kabla ya chai. Mzee anataka picha. Anasema fundi wa gereji na kinyozi wake hawaamini. Nikamwambia picha ni jambo dogo.

Kazi imeanza. Binti yangu ni muuguzi, huondoka mapema. Kaniachia kadi ya nauli, ramani na amri kwamba nisiende mbali. Sasa treni ikienda mbali yenyewe, kosa langu?

Mbinu ya kwanza: uzee. Nikaingia behewa la mbele, nikasalimia watu wote kama nilivyolelewa. Mmoja akahama behewa. Kwenye kiti changu kulikuwa na mzee mwembamba mwenye mwavuli, na mbinguni hakuna hata wingu. Nikasimama karibu yake, nikashika kiuno, nikaguna. Hakugeuka. Nikaguna kama mtu wa kuzikwa kesho. Weee! Behewa zima likasimama kunipisha. Msichana mmoja akanishika mkono kwa heshima zote, akanipeleka mpaka kwenye kiti cha wazee. Kule nyuma. Kinachotazama tulikotoka.

Bwana Mwavuli shingo haikugeuka hata kidogo. Ana roho ngumu yule.

Ila mji ni mzuri hata kinyumenyume. Mapaa yalikuwa yanaondoka moja moja, polepole, kama wageni wanaoaga. Nikasinzia. Ndotoni nilikuwa na honi.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya pili: kuwahi. Leo nimewahi. Bwana Mwavuli amewahi zaidi. Analala humo?

Halafu Mzee akapiga, na sauti yake haikuwa ya utani. Kumbe daktari wa macho alishamkataza kuendesha. Ana ukungu machoni tangu mwaka jana, na mimi hakuniambia. Ndiyo maana hakuona lile tuta la karibu na shule! Nilimlaumu siku mbili. Akasema alikuwa ameshapata mnunuzi wa pikapu, aje kuichukua Ijumaa. Lakini kwa kuwa mkewe siku hizi anaendesha treni, mnunuzi amemrudisha. Pikapu haiendi popote, akasema, dereva anarudi Jumatatu. Akacheka mpaka akakohoa.

Nimekaa jikoni, chai imepoa. Binti yangu alitoka hospitali kwenye pikapu ile, nimempakata, siku ya kwanza ya maisha yake. Nikisema ukweli, itauzwa, na mume wangu atashinda barazani akisikiliza magari ya wenzake. Nisiposema, lazima nijue kuendesha, na nina siku nne. Nimeumia moyo kwelikweli.

Nimeamua. Kwanza picha.

Alhamisi, 7 Machi

Mbinu ya tatu: mwavuli wenyewe. Alikuwa ameutundika kwenye bomba, pembeni ya kiti. Nikauchukua polepole, nikautembeza hadi mwisho wa behewa, nikautundika huko. Nikarudi, nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa kidole, uso umejaa huruma. Akashtuka, akaenda kuufuata. Nikakaa!

Nimekaa! Kioo chote changu! Reli zinakuja mbio halafu zinaingia chini yangu zinapotea. Mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe. Tukaingia kituoni, treni ikasimama vizuri sana, nikajipongeza. Nikatoa simu nijipige picha. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka.

Kinyumenyume!

Kilikuwa kituo cha mwisho. Treni ile haigeuzi, inarudi tu ilikotoka, na mbele inakuwa nyuma. Nikakaa pale kama mkia. Kwa mbali, behewa la mwisho, nikamwona Bwana Mwavuli na mwavuli wake ameketi mbele mpya, bila wasiwasi wowote. Mjanja yule! Na watu wa aina hii ndio wanaitwa wazee wa watu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Mzee kampigia binti yetu kumpongeza kwa kunitafutia kazi ya treni. Binti yangu karudi amevimba. Kasema Mama, mwambie Baba ukweli leo hii, njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hii ina vituo vingi. Hakucheka.

Baadaye alinikuta nimekaa sebuleni na sinia la chai mikononi, nalizungusha, kushoto, kulia. Akaketi karibu yangu. Akaniuliza klachi iko mguu gani. Nikamwambia treni yetu haina klachi. Akaweka kichwa begani pangu, sijui alikuwa analia au anacheka.

Jumamosi, 9 Machi

Nafasi ya mwisho. Nikaingia. Bwana Mwavuli amesimama! Mwavuli ndio umelala kwenye kiti. Nikajua anamwekea mkewe, nikaanza kumchukia na mkewe. Aliponiona akauinua, akainama kidogo, akanionyesha nikae.

Nilitafuta mtego, sikuuona. Nikakaa. Akasema maneno mengi kwa lugha yake, sikuelewa hata moja, lakini mikono yake ilishika usukani wa hewani, ikakata kona. Kumbe na yeye! Umri wote ule, kila asubuhi, naye anaendesha.

Nikampa simu. Nikashika usukani wangu wa hewani. Jua lilikuwa linaingia kwenye vioo vya maghorofa na kutoka, mama wa maua alikuwepo dirishani kwake, na nikamhisi mume wangu ameketi pembeni, ametulia, hana hofu na tuta lolote. Sikutaka kufika. Nilimpeleka mbali sana.

Picha imetoka. Nimefumba macho. Nimeituma hivyo hivyo.

Mzee kajibu kwamba kuendesha umefumba macho ni ufundi wa juu. Kinyozi ameibandika dukani.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika humu garini, tunamsubiri fundi wa gereji aje atutoe.

Nilitoka uwanja wa ndege nikaiona pikapu, imeoshwa. Kinyozi ndiye aliyeileta, akaondoka zake. Mlango wa dereva uko wazi. Na mume wangu, jamani, amekaa upande wangu! Amevaa shati la sikukuu, mikono magotini, kama nilivyokuwa nikikaa mimi. Machozi yalinitoka. Nilisingizia vumbi.

Nikaingia. Nikaweka mikono kama kwenye picha. Nikasubiri. Mzee akauliza kwa upole tunasubiri nini. Nikamwambia milango ijifunge.

Akanitazama kwa muda. Sijui anaona kiasi gani. Kisha akaanza kunielekeza, huu mguu hapa, huu hapa, achia kidogo kidogo. Gari likaruka! Likaenda! Naye ananiambia polepole, kuna tuta, kanyaga breki, maneno yangu yote ananirudishia. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye bustani ya maua ya lango kuu. Hapo ndipo tulipo.

Hakugomba. Alinipangusa majani kichwani. Akaniuliza, taratibu kabisa, mama watoto, ile treni uliiendesha kweli?

Hapo ndipo penyewe pa kusema. Hakuna aliyekuwa anasikiliza, na yeye alishanisamehe kabla sijafungua mdomo, nilimwona.

Nikamwambia treni ilikuwa kitu kidogo. Iliyonisumbua ni ndege, hasa wakati wa kutua.

Sasa anataka picha.