Wimbo wa Vipimo vya Wayua

Jumatatu, 10 Machi 1958

Nimeamua. Pasaka hii Wayua atakuwa mchumba wangu. Zimebaki siku ishirini na saba. Zinatosha kabisa.

Kwa faida ya watakaosoma haya nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni Muasya, fundi cherehani, kwenye baraza ya duka la vitambaa, Thika. Cherehani moja, mkasi mmoja, sifa nyingi. Wayua hupanga mikebe katika kiwanda cha mananasi. Wiki iliyopita alikuja kushonesha gauni la Pasaka. Nilimpima. Tangu siku hiyo sijashona mshono ulionyooka.

Alisema mama yake atakuja kutoka Kangundo Jumatatu ya Pasaka. Kama kuna mwanaume wa kumjulisha kwa mama, atamjulisha siku hiyo. Alisema na mambo mengine mengi wakati nampima. Sikuyashika. Nilikuwa naandika.

Shida ni kwamba wanaume wa Thika wana macho. Karani mmoja amempa mkate mzima. Dereva wa lori la mkonge humpigia honi. Mkate! Honi! Mimi nitampa wimbo.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbili natafuta maneno. Macho yake kama nyota? Kila wimbo hapa mjini una macho kama nyota. Msichana akisikia hivyo atajuaje kama ni yeye au ni dada yake?

Kisha, katikati ya kukata suruali ya mteja, likanijia. Vipimo! Vipimo vya mwanamke ni vyake peke yake. Nikaitupa suruali, nikafungua daftari la vipimo, na wimbo ukajitunga wenyewe:

Kifua arobaini na nne, ee mama,
Kiuno arobaini kasoro moja,
Nyonga hamsini na mbili,
Nihurumie, futi yangu yataka kuisha!

Nilimsomea Bedan, fundi baiskeli wa baraza ya pili, ambaye pia ndiye mpiga gita bora upande huu wa mto Chania. Bedan akaniuliza kama huyo ni msichana au ni tangi la maji. Akasema Wayua anayemjua yeye ni mwembamba kama pampu.

Nilimweleza kwa upole. Fundi mwenye adabu humpima mwanamke uso ukiwa umeangalia barabara. Ndivyo nilivyofundishwa. Kwa hiyo mimi sikutumia macho, nilitumia futi, utepe wangu wa kupimia. Macho yana tamaa, futi haina. Na sweta zile kubwa za Wayua zinaficha mengi. Bedan alirudi kwenye tairi lake akitikisa kichwa. Wivu.

Jumamosi, 15 Machi

Ruiru! Tumenasa wimbo!

Safari yenyewe ilikuwa kazi. Mimi Mkamba naenda nitakako, lakini Bedan Mkikuyu hatoki Thika bila pasi ya serikali ya kusafiria, na pasi haitoki bila sababu. Niliandika barua kwamba anahitajika Ruiru kujaribishwa koti la harusi. Karani wa pasi akauliza harusi ya nani. Nikasema yangu. Sikuona kama ni uongo, ni habari iliyowahi mapema kidogo.

Nyuma ya duka la santuri pale Ruiru kuna chumba kimetandikwa magunia ya kahawa ukutani, na mashini ya kunasia sauti. Anayeiendesha anaitwa Boaz. Mpole, mrefu, hana maneno mengi. Nilimhurumia. Wanawake hawapendi wanaume wa namna hiyo.

Wanamuziki wengine hugonga chupa ya soda kushika mdundo. Mimi nilipiga mkasi. Kacha-kacha, kacha-kacha! Mara ya kwanza nilikata ncha ya tai yangu. Mara ya pili Bedan alicheka. Mara ya tatu Boaz alisimamisha mashini akasema kwamba wimbo una kitu, lakini unahitaji sauti ya msichana ya kuitikia. Je, hatumjui msichana yeyote anayeimba?

Nikasema hakuna. Bedan akaitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba, kama mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge. Boaz alifumba macho mpaka mwisho. Nadhani aliguswa.

Jumatano, 19 Machi

Ujanja wangu wa leo unastahili kuwekwa kwenye fremu. Sahani za santuri ziko tayari Ruiru. Mtu wa kawaida angeenda kuzichukua. Mimi nimemtuma Wayua, kwa kuwa leo hakuwa na zamu. Nilitaka ausikie wimbo wake pale pale kwenye mashini, kabla ya binadamu mwingine!

Alirudi saa kumi na sahani kifuani, machozi ya kicheko machoni. Aliniuliza wimbo ni wa nani. Nikamkonyeza. Akauliza tena, ni wa nani hasa? Nikamwambia anajua mwenyewe. Akacheka mpaka akaketi juu ya mashuka ya mteja.

Furaha. Hiyo ndiyo inaitwa furaha.

Alisema pia kwamba Boaz ni mtu mzuri, alimpa chai, akamuuliza sijui nini, naye akamjibu sijui nini. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natazama jina langu kwenye sahani. Wameliandika vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Hoteli ya chai karibu na stendi imeupiga wimbo mara kumi na moja. Nimehesabu, nikiwa nyuma ya nguzo.

Mara ya kwanza watu waliacha kutafuna. Mara ya pili mtu mmoja alisema huu si wimbo, ni hesabu za darasa la nne. Mara ya tatu wapakizi wa mizigo walikuwa wanaitikia. Kufikia jioni watoto wa soko wanaimba hamsini na mbili hamsini na mbili, na kila mwanamke apitaye anapimwa kwa macho na wanaume ambao hawajawahi kushika futi maishani mwao.

Wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa. Wanasema hawataki kusikia viuno vyao hotelini. Watu wasiojua sanaa.

Ijumaa, 28 Machi

Askari kanzu wawili wamekuja barazani. Wamesikia kuna wimbo wa namba. Siku hizi za Hali ya Hatari namba haziimbwi ovyo. Arobaini na nne ni nini? Ni watu? Ni bunduki? Kasoro moja, nani amekosekana?

Niliapa kwamba ni kifua. Hawakuamini. Ilibidi nimpime mkubwa wao pale pale, mbele ya soko zima, kifua, kiuno, nyonga, huku mwenzake akiandika. Akatoka arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na nne. Watu wakaanza kuimba. Mkubwa akavuta tumbo ndani, akasema kesi imekwisha.

Nimeagizwa suruali mbili za kaki.

Jumapili, 30 Machi

Sikukuu ya Matawi. Nilikwenda kanisani kuonekana.

Mzee Erastus, mzee wa kanisa, alihubiri juu ya wimbo wangu kwa dakika arobaini. Alisema mwanamke anayekubali nyonga zake ziimbwe hotelini ni mwanamke asiye na mume wa kumwongoza. Alimwombea mume huyo, popote alipo. Mkewe, Mama Waithira, mwenyekiti wa akina mama, alisema Amina kuliko wote. Mama Waithira ni mtu mzito kwa kila maana. Nashona sare yake mpya ya Pasaka, ya buluu yenye kola nyeupe. Alipimwa siku ile ile aliyopimwa Wayua.

Wayua alikuwa kwenye kwaya. Sikujua yuko kwenye kwaya. Alikuwa anauma kitambaa asicheke.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemaliza kila kitu. Kwa sababu ya umaarufu sikupata muda wa kumjaribisha mtu nguo hata moja, lakini futi ni ile ile na daftari ni lile lile. Gauni la Wayua limekula kitambaa mpaka nikaongeza changu. Sare ya Mama Waithira, ajabu, ilibakisha kitambaa kingi. Nilimsifu Mungu kwa mfungo wa Kwaresima. Nikakishona kuwa mfuko wa mkasi wangu.

Zote mbili zimechukuliwa zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Kesho ndiyo kesho!

Jumapili, 6 Aprili. Pasaka

Naandika nikiwa chini ya kitanda cha Bedan.

Wayua aliingia kanisani amevaa gauni langu. Lilimzunguka mara mbili, likafungwa mkanda, na bado lilibaki la kumtosha dada yake. Alikuwa anatabasamu. Mama Waithira aliingia amechelewa, amevaa sare ya mwaka jana. Ile mpya alikuwa ameishika mkononi, na mshono wa ubavuni ulikuwa umepasuka tangu kwapani hadi chini. Hakutabasamu.

Baada ya ibada, nje, akina mama walinizunguka. Mama Waithira alidai daftari. Sikuwa nalo. Basi akataka apimwe tena, hapo hapo, waone wote kama yeye ndiye aliyekua au ni mimi niliyerukwa na akili. Nikatoa futi. Nikaangalia barabara, kama nilivyofundishwa. Mbula wa kwaya akasoma namba kwa sauti.

Kifua, arobaini na nne.

Akina mama wakatazamana.

Kiuno, akasema Mbula, arobaini... na sauti nyuma yake ikaitikia kasoro moja! Alipofika nyonga hakuhitaji kusoma. Akina mama wote wa kanisa walishaimba. Hamsini na mbili! Nihurumie! Kuna aliyetoa mkasi akaanza kacha-kacha.

Ngai, Mungu wangu! Nilichanganya kurasa zao mbili daftarini, hazikuwa na majina. Wiki mbili nzima Thika imemwimba mke wa Mzee Erastus.

Mzee Erastus alikuwa amesimama mlangoni na Biblia yake. Uso wake ulipita rangi zote za vitambaa dukani. Alianza kunijia. Lakini Mama Waithira aliinua mkono. Alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote kwamba ameolewa miaka thelathini na mmoja, na mume wake hajawahi kumwimbia hata nusu ya ubeti. Kisha akaniuliza kama wimbo una ubeti wa pili.

Nikakimbia.

Jumatatu, 7 Aprili

Wayua alikuja barazani na mama yake. Nilivaa koti. Nikafuta kiti.

Alinijulisha kwa mama kama fundi aliyemshonea hema. Mama akanipa mkono, akanishukuru, akasema kitambaa ni kizuri, kitatosha mapazia.

Kisha Wayua akanivuta kando. Hakuwa na hasira, na hilo liliuma zaidi. Alisema siku ile ya kupimwa aliniambia mara tatu kwamba anaimba, na kwamba angependa siku moja kuimba kwenye sahani, na kama nawajua watu wa gita. Mara tatu! Nikajibu mhm, mhm, mhm. Alisema nilimpima mwili wote na sikumtazama hata kidogo. Yule wa mashini kule Ruiru alimuuliza swali moja tu, anapenda kuimba nini, kisha akanyamaza kusubiri jibu.

Mama yake atapelekwa Ruiru leo mchana, kujulishwa kwa Boaz.

Niliumia. Naandika wazi wazi: niliumia. Nilikaa mbele ya cherehani mpaka duka likafungwa, nikiikanyaga bila kitambaa cha kushona. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimtuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Kuna sahani mpya hotelini. Wayua anaimba, Boaz amemtafutia mpiga gita. Nilisikiliza yote nikiwa nyuma ya nguzo yangu. Haina namba hata moja. Lakini sauti ile! Ingeitikia mkasi wangu vizuri sana. Machozi yalinitoka. Nilisema ni moshi wa mandazi.

Habari nyingine: Mama Waithira ameagiza magauni matatu, na anataka ajaribishwe kila wiki. Jana Mzee Erastus alikuja, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza kwa kunong'ona kama ni arobaini kasoro moja au kasoro mbili. Anajifunza wimbo. Nyumbani hapewi chai mpaka auimbe.

Na sasa habari kubwa. Asubuhi hii amekuja mteja mpya, Kanini, wa mashamba ya kahawa huko Ruiru. Moyo wangu! Sitarudia kosa, mimi si mjinga. Nimempima mara tatu. Nimeandika vipimo kwenye kurasa tatu, kila ukurasa na jina lake juu, kwa herufi kubwa. Wimbo umeshafika ubeti wa pili. Safari hii nimeongeza mikono na shingo.

Bedan alikuwa anatazama kutoka barazani kwake. Aliniuliza msichana yule alikuwa ananiambia nini muda wote ule, maana alizungumza sana, na mwishoni alipaza sauti, akachukua kitambaa chake akaondoka.

Nikamwambia sijui. Nilikuwa naandika.