Mistari Iliyolala

Jumatatu, tarehe 3 Julai
Theluji mlimani. Chifu ametangaza: Alhamisi anapokea wageni wa ng'ambo, wanataka kuijua Lesotho na mila zetu. Mzee mmoja atateuliwa kuwafunza. Nani zaidi yangu, mimi Khoabane, niliyechimba dhahabu Johannesburg nikarudi na vidole vyote? Jirani yangu Lepekola naye anaitaka kazi. Mtu ambaye hata farasi wake humdharau!

Jumanne, tarehe 4
Balaa. Nilisinzia kando ya moto wa samadi, blanketi langu la heshima, lenye mistari, likaungua. Tundu la ngumi, kifuani! Mzee kwenda kwa chifu bila blanketi ni sawa na uchi. Nikawaza. Nikaligeuza ubavu, tundu likajificha kwapani. Akili hiyo! Mke wangu, 'Mathakane, akanionya kwamba sasa mistari imelala badala ya kusimama, na kwa mila yetu mistari ikilala mtu hakui. Nikamwambia nina miaka sabini na mitatu, nikue niende wapi?

Jumatano, tarehe 5
Wageni wamefika siku moja kabla. Lepekola bado anatandika farasi, mimi nishafika barabarani. Mama mmoja akauliza, kwa mdomo wa mkalimani, mbona mistari yangu imelala na ya wengine imesimama. Nikajibu bila kupepesa kwamba hivi ndivyo tuvaavyo wenye hekima. Wakaniinamia! Kazi ni yangu.

Alhamisi, tarehe 6
Wageni wamenunua mablanketi. Wameingia kwa chifu wote, mistari imelala chali. Bibi mmoja wa kijijini akafunika macho. Chifu akauliza kwa upole nani kawafunza. Wakaninyooshea vidole, tena kwa shukrani.
"Ntate Khoabane," akasema chifu, akiniita baba kwa heshima, "hebu inua mkono."
Nikauinua. Tundu likasalimia kijiji kizima. Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Lepekola kapewa wageni. Mimi nimepewa farasi, niwashike.

Ijumaa, tarehe 7
Lepekola kaja na blanketi lake la pili. Kasema, "Vaa, ntate. Baridi haijui mshindi." Nikalipokea. Ni wazi ananiogopa.
'Mathakane katia langu kiraka. Kiraka kizuri.
Wageni wameondoka. Yule mama bado kalaza mistari yake. Mwanafunzi wangu huyo!
Septemba wanakuja wengine. Hao nitawafunza kuvaa kofia.