Kulabu Mbili za Nguruwe Mweusi

Sogeeni, enyi mlao na mlio na njaa, tegeni masikio. Na aliyeacha sufuria motoni akaiepue kwanza, maana habari hii ni nzito. Ni habari ya vita vilivyopiganwa Jumanne asubuhi nyuma ya bucha, kati ya Mzee wa Chumvi, simba wa bekoni, ile nyama ya nguruwe inayolazwa kwenye chumvi na kukaushwa kwa moshi, mwenye aproni isiyofuliwa tangu Ijumaa, na dada yake mkubwa, mwenye bucha na mwenye neno la mwisho.

Chanzo cha vita kilikuwa kulabu. Chumba cha moshi kilikuwa na kulabu kumi, na dada alikwisha kuazimia kwamba zote zitundikwe nguruwe mweupe, yule mrefu, mwenye mnofu tele, anayekua upesi. Mweusi, mfupi, mnene, aliyefugwa na marehemu baba yao, asiletwe tena. Mzee wa Chumvi aliposikia hayo aliona kama baba anazikwa mara ya pili.

"Ewe dada yangu, binti wa wakausha nyama!" akanguruma, ameinua kisu cha kumenyea vitunguu, kwa kuwa kile kikubwa hakikuonekana. "Bekoni ni mbegu! Mweusi ana mafuta ndani ya nyama, na utamu umekaa humo! Tuwakaange wote wawili, na kikaango kiamue!"

"Kaanga basi," dada akasema. "Ila fanya haraka, kuna wateja."

Vikabandikwa vikaango viwili, vikatiwa vipande vya uzito mmoja, vyote vilivyokaa kwenye chumvi siku kumi na nne, kama baba alivyofundisha. Shujaa akasimama katikati, mikono kiunoni, kidevu juu. Loo, masikini! Mweusi akachuruzika mafuta, akazidi kuchuruzika, akanywea hata akabaki upana wa vidole viwili, anaogelea. Mweupe akatoa maji kidogo tu, akatulia kwa ukubwa wake.

"Ndiyo mbegu yako hiyo?" dada akauliza. "Mbona imekwisha?"

Jasho likamtoka yule aliyetamba mtaa mzima. Alifikiria kukimbia, lakini mlango ulikuwa upande wa dada.

"Onja," akasema, kwa sauti ndogo isiyomfaa simba yeyote.

Dada akaanza na mweupe. Akakunja uso, akaenda bombani, akanywa vikombe viwili. "We! Hii nyama au jiwe la chumvi?" Kisha akaonja mweusi. Akachukua kipande kingine, akakitafuna polepole, amefumba macho.

Hapo ndipo shujaa wetu, baada ya kuchelewa sana, alipofunguka akili. Mafuta hayanywi chumvi. Mnofu ndio huinywa. Zile siku kumi na nne za baba zilikuwa za nguruwe mweusi, naye kwa miaka miwili amekuwa akimhesabia mweupe siku hizohizo, na wateja wakinung'unika anawaambia hawajui kula.

"Dada," akasema, na kusema huku kulimuuma kuliko mkuki, "kosa ni langu. Mweupe anataka siku tisa. Baba hakuniambia kwa sababu hakuwahi kuwa naye."

Dada akacheka mpaka akashika meza. "Miaka miwili! Na mimi nalaumu mwenye duka la chumvi!" Akajifuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. "Ladha ya baba kabisa hii. Haya, chukua kulabu mbili. Mbili tu, na usianze hotuba."

Basi na iandikwe, na wajukuu wasimuliwe: siku ile nguruwe mweusi alizitwaa kulabu mbili kati ya kumi, na ukoo haukuaibika. Mshindi akatoka mbele kutangaza, amejaza kifua pumzi, akawakuta wateja watatu, wote wanataka mweupe.

"Ila juzi ilikuwa na chumvi sana," mmoja wao akalalamika.

Na Mzee wa Chumvi, kwa mara ya kwanza tangu bucha ile ifunguliwe, akamjibu mteja, "Umesema kweli, ndugu yangu."