Kikorea cha Saluni ya Wahu

Jumatatu, 1 Agosti 2022. Yamumbi.

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Kambi moja ya wakimbiaji kule Kaptagat inapokea vijana kutoka Korea, na kocha wao anataka mwenyeji anayejua maneno mawili matatu ya lugha yao. Kazi ya maana, na viatu vya bure! Nani anastahili kuliko mimi, niliyekimbia mpaka goti likafa? Lakini Kituyi, msimamizi wa kambi, ameshamfikiria jirani yangu Wahu, yule wa saluni. Eti anajua Kikorea. Amekitoa wapi? Kwenye nyimbo! Anasuka watu nywele huku akiimba na vijana wa Seoul waliopaka midomo rangi. Basi na mimi nitajifunza. Kwake.

Jumatano, 3 Agosti.

Nimemsindikiza mke wangu Sarah kusukwa. Hajazoea mapenzi ya aina hiyo, akaniuliza nimekosa nini. Nilikaa kwenye benchi nikikodolea kioo macho. Wahu huandika hapo, kwa wanja, maneno ya kila wimbo mpya. Saranghae, nakupenda. Kajima, usiende. Nunmul, machozi. Kila wimbo mtu ameachwa! Nikauliza chai inaitwaje. Wahu akasema kwenye nyimbo zake hakuna anayekunywa chai, wanalia tu. Wateja wote wakanicheka. Halafu akanirudilia kila neno polepole, kwa upole, bila kuuliza nalitakia nini. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Ijumaa, 5 Agosti.

Akili imefunguka! Tangu ghasia za kura za 2008, kila uchaguzi ukikaribia, majirani wetu waliotoka Central, wasio wa kabila letu, hufunga virago wakakae kwa ndugu zao mpaka matokeo yatangazwe. Mwaka huu Wahu amekataa. Amechoka, anasema, kuhamisha godoro kwa sababu ya kura. Sawa. Jioni nikamfuata uani, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna maneno ninayasikia. Akauliza maneno gani. Nikasema ni heri nisiseme.

Sijasikia lolote! Wahu aliacha kuanua nguo. Akaketi juu ya ndoo, shati la mtoto mkononi. Nyumba yake ya kwanza ilichomwa 2008, akaishi na watoto kwenye hema pale uwanja wa maonyesho. Nilihisi kitu kifuani. Huenda ni maharagwe.

Jumapili, 7 Agosti.

Ushindi! Wahu amepakia draya ya kukaushia nywele, godoro na kile kioo kwenye pikapu, anaenda kwa kaka yake Nakuru. Ufunguo wa nyumba ameniachia mimi, kama kila mara, kwa sababu ile 2008 marehemu mama yangu alimficha kwenye ghala letu la mahindi. Akaniambia, Baba Jerop, kwako sina wasiwasi. Nikatazama viatu vyangu.

Lakini huyu mama hawezi kukaa na onyo peke yake. Amewaambia wengine! Kufikia mchana nusu ya mtaa ilikuwa barabarani na vitanda. Sarah naye akabeba watoto, jiko na ile simu nzuri, akaenda kwao Cheptiret. Nilimwambia huo ni uongo mtupu. Akauliza nimejuaje.

Alhamisi, 11 Agosti.

Kura tumepiga, mtaa kimya. Nakula mahindi ya kuchoma asubuhi na jioni. Kituyi amepiga simu. Kocha amesikia watu wanahama huku, kwa hivyo atawaweka vijana Nakuru mpaka matokeo yatoke. Tena Kituyi anachekelea, maana Wahu yuko huko huko, ameshawapokea! Nikapiga ndoo teke. Goti limevimba.

Jumatano, 17 Agosti.

Matokeo yametoka, na hapa mtaani hakuna aliyeguswa. Leo wamefika. Wahu ameketi mbele ya gari karibu na kocha, mzee wa mvi. Nilikuwa nimejipanga getini. Nikamshika mzee mkono, nikampa Kikorea changu chote: nakupenda, usiende, machozi. Akaduwaa. Akamgeukia Wahu, na Wahu akamweleza kwamba nimeachwa na mke. Sarah hajarudi, ningebisha vipi? Mzee akanikumbatia, akanipa katoni ya tambi.

Kisha Wahu akaomba ufunguo wake. Mbele ya Kituyi na majirani wote akasema kazi hiyo ataichukua ikiwa nami nitapewa, niwe msaidizi wake. Akasema 2008 hakuna aliyemwonya mapema, moto ndio uliomwamsha, lakini mwaka huu amepata mtu wa kumwambia. Watu wakapiga makofi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nusura niseme ukweli.

Alhamisi, 18 Agosti.

Aibu imeisha. Msaidizi! Wa Wahu! Nimebeba mabegi ya vijana wenye miguu mizima kuliko yangu, na yeye kazi yake kuonyesha kwa kidole! Sitakubali. Redio inasema walioshindwa wanaenda mahakamani, uamuzi mwezi ujao. Namwona dirishani, anaanua nguo. Acha nitoke nikamwambie kuna maneno ninayasikia.

Sarah amerudi asubuhi. Kwanza nifiche jiko.